Kura ya Siku za Matanga

Msalaba mwekundu ulipakwa kwenye ukuta wa Idi siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi. Mikeka ya matanga ilikuwa ingali imetundikwa kwenye kamba uani, na masufuria ya kuazima hayakuwa yamerudi yote kwa wenyewe. Adija, mke wa Idi, alikuwa akisugua kwa mchanga lile kubwa la jirani yao Mama Numbi aliposikia brashi inakwaruza nje. Akatoka na mikono yenye masizi.

"Papa, unafanya nini?"

Yule mwenye brashi hakugeuka. "Naandika."

"Unaandika kitu gani ku nyumba ya watu? Hapa kuna kilio. Baba mukwe wangu amezikwa Ijumaa."

"Poleni sana, mama," yule mtu akasema kwa adabu kabisa, kisha akavuta mstari wa pili juu ya wa kwanza. Chini yake akaandika SIKU 15. "Mufereji wa maji utapita hapa. Nyumba kumi na ine zote za mustari wa chini. Munabomoa wenyewe, ao mashine inabomoa. Mukibomoa wenyewe munabakia na mabati yenu."

"Nani amesema?"

"Ninyi." Akachovya brashi kwenye kopo. "Ninyi wenyewe njo mulichagua, ku telefone."

Idi alikuwa kwado, mziba mipira pale kituo cha moto, zile pikipiki za abiria, na habari ilimfikia mara tatu kabla hajamaliza tundu moja. Wa kwanza alimwambia wanapaka rangi kwake. Wa pili akasema wanabomoa. Wa tatu, ambaye hakuwa ameona chochote ila alipenda habari iliyoiva, akasema mama yake ameshatolewa nje na kitanda chake. Huyo wa tatu ndiye aliyemfanya aache gurudumu la mteja wazi na kukimbia na spana mkononi.

Maana Bibi Mauwa hakupaswa kutoka. Mumewe, Mzee Mahmoudi, alikuwa amekata roho katika nyumba ile alfajiri ya Ijumaa, na mjane wa Kiislamu hukaa eda pale pale mumewe alipofia: miezi minne na siku kumi, haendi sokoni, haendi arusini, mwanamume wa nje hamwoni uso. Ilikuwa siku yake ya tano. Aliketi katika chumba cha nyuma kwa nguo nyeupe, pazia limeshushwa mlangoni, akisikia kila kitu.

"Idi," aliita mwanawe alipoingia akihema, "ni kelele gani huko?"

"Ni rangi, mama."

"Rangi haipigi kelele."

Idi alichukua juu ya kabati simu yake ya androidi, yenye kioo kilichopasuka, akakaa kizingitini. Tangu miezi minne iliyopita mtaa ulikuwa na grupu la Watsapu, Sauti ya Wakaaji: nyumba moja, namba moja, namba sitini na tatu kwa jumla. Mambo ya mtaa yaliulizwa humo. Takataka zitupwe wapi, soko dogo lifungwe saa ngapi. Watu walilipenda. Hakuna tena kuketi juani kuanzia saa mbili kumngoja mkubwa anayefika saa sita na kusema "nitakuwa mfupi". Idi mwenyewe alikuwa amejibu swali la takataka, akatembea siku nzima akiwaambia wateja, "Mie nimepiga kura, nikiwa hapa hapa na tairi mukononi."

Ijumaa alitangaza humo kifo cha baba yake. Pole zilianguka kama mvua juu ya mabati, na ya admin, kijana Thierry, ikiwa miongoni mwa za kwanza. Idi alizisoma kumi au kumi na tano, machozi yakamzidi, akaifunga simu. Kwake, kama kwa kila aliyelelewa katika avenyi ile, barabara yao ya mtaa, msiba hufunga mkutano. Maiti ikiwa ndani, mtu hauzi, hadai, wala haulizi mpaka wa lupango, yaani kiwanja. Unangoja mikeka ikunjwe.

Sasa akashuka kwa kidole. Pole, pole, Mungu amulaze pema, pole. Kisha, saa tisa ya alasiri ile ile, wakati jeneza lilikuwa njiani kwenda makaburini, swali: *Mufereji upite wapi? A: mustari wa chini. B: mustari wa juu. Mwisho Jumapili saa kumi na mbili jioni. Asiyejibu anafuata wengi.* Chini yake pole zikaendelea.

A, hamsini na saba. B, sifuri.

Mstari wa chini, kati ya nyumba kumi na nne, ni sita tu zenye androidi. Watu wa zote sita walikuwa uani kwa Idi siku tatu hizo. Mmoja alikuwa akichota maji, mmoja akipasua kuni, mwingine akipokea wageni waliotoka Moba kwa mashua. Hakuna aliyegusa simu.

"Angalia majina," Adija akasema juu ya bega lake.

Aliangalia. Lile la Papa Alphonse, jirani wa mstari wa juu, lilikuwa hapo na picha yake ya kofia. Jumamosi, saa saba na dakika ishirini mchana.

"Saa saba," Adija akasema polepole. "Saa saba ya Jumamosi mie nilikuwa namupakulia wali."

*

Biro ya Thierry, ofisi yake, ilikuwa na meza moja, feni lisilozunguka, na simu tatu zinazochaji. Alisimama kumpa Idi mkono, akamsogezea kiti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Idi zaidi.

"Papa Idi, mie nilikuandikia pole."

"Niliiona. Na nyuma yake ukafungua kura."

"Ilipangwa tangu juma ya nyuma. Saa ikifika, swali linatoka."

"Ungelisimamisha."

"Kwa kila kifo?" Thierry alisema bila dharau, kama mtu anayeeleza bei. "Papa, niko na grupu kumi na moja. Kila siku kuna mwenye anakufa. Nikisimamisha kwa baba yako, kesho nasimamisha kwa shangazi ya mwingine, na mvua haingoji. Wenye kuleta pesa ya mufereji wanataka karatasi yenye kuonyesha wakaaji wameulizwa, mbele ya mwezi wa kumi na mbili."

"Hatukuulizwa. Tulikuwa tunazika."

"Muliulizwa siku tatu. Papa, mbele ya hii grupu nani alikuwa anawauliza? Mulikuwa munaamuka, munaona mashine ku mulango. Ao nadanganya?"

Hakuwa anadanganya. Idi aliipangusa kofia yake kwenye goti.

"Mama yangu eko mu eda," akasema. "Hawezi kutoka mu ile nyumba mpaka mwezi wa pili."

"Uko na karatasi ya munganga?"

"Eda si ugonjwa."

"Basi, niandike nini?" Thierry alikuwa akiuliza kweli. Kalamu ilikuwa tayari. Kisha akaiweka chini. "Kuna rufaa. Andika ku grupu. Watu kumi wakiunga mukono mbele ya Alhamisi saa kumi na mbili jioni, swali linarudi."

"Mie niko hapa mbele yako, Thierry. Nakuambia na kinywa."

"Kinywa hakibakizi alama, papa. Andika ku grupu."

*

Uani kwa Idi watu walijaa tena, kana kwamba matanga hayajaisha. Mama Numbi alikuja na kigoda chake mwenyewe. Wenye simu sita wakaketi katikati, wasio na simu wakawazunguka, na kila mtu alikuwa na neno lake la kuandikisha.

"Andika sisi si wezi, hatutaki mufereji ubomoe ndugu zetu wa juu, lakini..."

"Acha maneno ya wezi! Andika kuhusu makaratasi ya lupango."

"Makaratasi gani, Mama Numbi? Yako yalilowa mwaka jana, mie mwenyewe niliyaanika."

"Yalilowa lakini yanasomeka!"

Walicheka kidogo. Hata Idi alicheka. Kisha akasema ataandika kuhusu eda, na kicheko kikaisha.

"Utaandika eda ya mama mbele ya nyumba makumi sita na tatu?" Adija alisimama. "Kesho wanaume wa kituo watakuwa wanamuhesabia siku. Idi, ile ni aibu ya ndani!"

"Nitaandika nini kingine? Nyumba za wote zinavunjwa, na wote wa juu wamekubali. Hiki njo kitu kimoja chenye hawakujua."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu. "Andika, Idi. Jina langu usiliweke."

Aliandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, karibu saa nzima: kwamba wa mstari wa chini walikuwa kwenye mazishi, kwamba katika nyumba mojawapo kuna mama mzee anayekaa eda, kwamba wanaomba kazi ingoje miezi minne na siku tano zilizobaki. Akabonyeza.

Jibu la kwanza lilikuja mara moja: *Mama gani?* La pili likamjibu la kwanza: *Si ni Bibi Mauwa wa marehemu Mahmoudi?* Ilichukua chini ya dakika moja, na jina lilikuwa pale.

*Eda njo nini?*

*Ni konji, likizo ya wajane*, mtu akaandika, akaweka nyuso tatu za kucheka.

*Heshimuni mama wa watu.*

*Ndagala safi kutoka Zongwe zimefika, kilo kwa bei ya rafiki, niandikieni pembeni.*

*Kwani hawezi kukaa eda ku nyumba ingine?*

*Akae kwako?*

Wakabishana humo mpaka mtu mmoja, ambaye hakuwahi kuandika chochote tangu grupu lianze, Mama Gisèle wa nyumba ya pembe ya juu, akatuma sauti. Idi aliifungua, na uani kote wakanyamaza kusikiliza.

"Papa Idi, poleni. Mie sina matusi. Mvua ya mwaka jana maji ilijaa kwangu siku tisa, na choo ya jirani ikatoka ikaingia mu nyumba. Mutoto wangu alikufa na kipindupindu siku ya sita. Munajua, mulikuja. Mama yako alikuja, njo alimuosha. Mie nilimulilia nikiwa nimesimama mu maji. Hakuna mwenye alinipa miezi ine. Njo vile tu."

Mama Numbi akaokota kigoda chake, kisha akakirudisha chini, akakaa.

Kufika Alhamisi saa kumi jioni walikuwa na watu tisa. Sita wao wenyewe, na watatu wa juu: mwalimu mmoja, shemeji wa Mama Numbi, na muuza mkaa aliyesema anaunga mkono kwa sababu Mzee Mahmoudi hakuwahi kumkopa.

"Nenda kwa Alphonse," Adija akasema.

"Siendi."

"Nenda."

"Alikula wali wangu na akabomoa nyumba yangu kwa mukono ule ule!"

"Njo maana unamudai, hawezi kukuangalia uso. Wengine huwadai kitu. Nenda, Idi, masaa inaisha."

*

Papa Alphonse alimwona akija kutoka mbali na hakuingia ndani. Alimtolea kiti, akamwita mjukuu alete maji, akakaa mbele yake, mikono katikati ya magoti. Ijumaa wale wawili walikuwa wamebeba jeneza bega kwa bega, mbele.

"Najua chenye kinakuleta," Alphonse akasema.

"Ulikuwa ku mukeka wangu."

"Nilikuwa."

"Na sahani ku goti."

"Ndiyo. Simu ililia, nikaisoma, nikajibu. Haikupita dakika moja."

"Na mie niko hatua tatu. Hukuniambia."

"Ningekuambia nini, Idi?" Alphonse aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ningesema: pole na baba, na kumbe nabomoa nyumba yako? Nilidhani unajua. Wewe mwenyewe njo ulitangaza kifo mule mule. Nikasema moyoni, kama anajua na ananyamaza, pengine ameona hakuna namna ingine. Nikala wali. Haukupita vizuri, nakuambia ukweli."

Akasimama, akamshika Idi mkono, akamwingiza sebuleni. Ukutani, juu kidogo ya dirisha, kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Chini ya mstari ule hakukuwa na kitu: hakuna kabati, hakuna picha, hakuna godoro. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kimepandishwa juu ya mbao zilizofungwa darini, unga, nguo, madaftari ya watoto.

"Maji inakwama huku, haina njia ya kushuka. Mufereji ukipita chini, inatoka kwangu. Ukipita juu, mie njo nabomolewa. Ukingoja mwezi wa pili, mvua ya mwezi wa kumi na mbili inanikuta hapa. Wewe ungechagua nini?"

Idi aliuangalia mstari. Akaugusa kwa kidole. "Mama yangu ni mama yako, Alphonse."

"Ni mama yangu." Alphonse alitoa simu mfukoni, akavaa miwani, akatafuta. "Tazama. Nimeunga mukono. Wa kumi. Swali lirudi. Kuuliza vizuri ni haki yenu, tuliuliza vibaya." Akavua miwani. "Lakini likirudi, Idi, nitajibu vilevile. Sitaki uende nyumbani ukidhani nimekudanganya."

*

Swali lilirudi Ijumaa: *Kazi ingoje mpaka eda iishe? Ndiyo. Hapana.* Idi alifunga kibanda chake cha kwado akapita nyumba kwa nyumba. Hakuna mlango uliofungwa usoni pake. Walimpa viti, walimpa chai, wakamuuliza hali ya bibi, wengine wakamtolea na embe la kumpelekea. Wote walisema, "Tutaona, ndugu." Akarudi jioni na mfuko wa maembe, na Adija alipouona akajua ni hapana.

Jumapili saa kumi na mbili: ndiyo kumi na tisa, hapana arobaini na moja. Thierry akaandika kwamba ushiriki umefika asilimia tisini na tano, ambao haujawahi kuonekana katika grupu lake lolote, na akawashukuru wakaaji. Safari hii hakuna aliyeweza kusema hakuulizwa.

Shehe alikuja, akakaa nje ya pazia, akasema dharura ina hukumu yake. Nyumba ikivunjwa hakuna dhambi kwa mjane. Ahame kwenye nyumba ya karibu inayopatikana, aende moja kwa moja, amalize siku zake huko. Bibi Mauwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shehe, mie siogopi dhambi," akasema. "Nilimuahidi Mahmoudi kwamba sitamuacha peke yake mu hii nyumba. Amekufa juzi tu. Bado hajazoea."

Shehe akavaa viatu, akaaga.

Idi alianza kutoa mabati siku ya kumi na mbili. Alitoa ya sebule, ya jiko, ya chumba chake na Adija, wakalala na watoto chini ya turubai. Ya chumba cha nyuma aliyaacha. Siku ya kumi na nne alipanda ngazi na nyundo, akakaa juu ya paa la mama yake muda mrefu bila kupiga, na chini yake akasikia kikohozi.

"Piga, mwanangu," Bibi Mauwa akasema. "Umekaa hapo, unanizibia nini? Piga."

*

Chumba cha kupanga kilipatikana mstari wa juu, milango kumi na miwili kutoka pale, katika lupango la muuza mkaa. Siku ya kumi na tano mashine ilikuwa imeshafika, ya njano, imesimama mwisho wa avenyi, dereva akila karanga. Ilikuwa mchana mweupe na avenyi nzima ilikuwa nje, maana habari kama ile nani angeikosa.

Adija na wanawake wa mstari wa chini walileta vitenge. Walivishona viwili viwili, wakavishika kwa pande nne kama kuta, na Bibi Mauwa akatoka mlangoni na kuingia katikati yao bila mtu kuona hata ukucha wake. Chumba kidogo cha nguo kikaanza kutembea. Lakini wanawake wengine walikuwa wafupi, na upepo wa ziwa ukavipiga vitenge vikajaa na kuvuta. Walipofika nusu ya njia mikono ikachoka, na pembe moja ikaanza kushuka.

Watu wa mstari wa juu walikuwa wamesimama kwenye milango yao. Mama Gisèle ndiye aliyetoka wa kwanza, akashika upande wa mbele. Wakafuata wengine wawili, watatu. Mwisho akaja Papa Alphonse kwa hatua za haraka, akageuza mgongo ili asione ndani, akapokea ile pembe iliyoshuka, upande wa ziwa, na akaanza kutembea kinyumenyume nao.

Idi alimwona. Alikuwa amebeba godoro la mama yake kichwani, akaendelea kutembea.

Chumba cha nguo kikasimama. Ndani yake Bibi Mauwa alikuwa amesimama.

"Nani anashika huku, upande wa ziwa?"



"Ni mie, mama," Alphonse akasema. "Alphonse."

Upepo ulivuta vitenge. Dereva wa mashine aliacha kutafuna.

"Inua, mwanangu," Bibi Mauwa akasema. "Watu wananiona."

Alphonse akainua. Akainua juu ya kichwa, na hakuishusha ile pembe mpaka mlango wa kumi na mbili.